Mashine ya Mama Edina Kati ya Mageti Mawili

Vijana wangu wa forodha, siku ile mliponiaga mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya mpakani. Nilikubali haraka, kisha nikafika nyumbani nikaanza kuogopa. Nianzie wapi? Nikimtaja mtu, atakasirika? Nisipomtaja, hatakasirika zaidi? Mnaonifahamu mnajua kwamba nilikuwa nakagua lori, nalifunga sili, ile lakiri ya forodha, naliruhusu liondoke, halafu nalisindikiza kwa macho mpaka linapotea kwenye kona, huku najiuliza kama sili ile nimeibana sawasawa. Mimi nimestaafu, lakini hofu yangu bado iko kazini. Basi nitafuata mpangilio: ya kwanza nitayaweka kwanza. Vyeo na mishahara nitaviacha. Haviwasaidii kukagua gunia.

Nilifika Tunduma katika miaka ya themanini, biashara ilipoanza kulegezwa. Ilikuwa bado wilaya ya Mbozi, jina la Momba halijawekwa kwenye kibao chochote cha ofisi. Mimi ni mtoto wa Ruanda, huku huku Mbozi, kwenye mashamba ya kahawa, kwa hiyo sikuwa mgeni wa baridi wala wa vumbi. Nilikuwa mgeni wa kazi. Nilikuwa na shahada ya sheria, suruali moja ya kitambaa kizuri, na sheria ya forodha niliyoisoma njia nzima kutoka Mbeya. Niliposhuka stendi nilikuwa na maswali mengi kuliko nilipopanda.

Aliyenipokea ni Bi Zuhura, mkuu wa kitengo cha ukaguzi. Alikuwa mtu wa Tanga, mrefu, sauti ya taratibu, na baridi ya Tunduma ilikuwa imemshinda kabisa. Mwaka mzima alivaa sweta la kiume la bluu juu ya sare, na ushungi wake ameuzungusha shingoni mara mbili. Alisoma vyeti vyangu akiwa amesimama, akanirudishia, akasema, "Haya msomi, twende nikakuonyeshe ofisi."

Ofisi aliyonionyesha ilikuwa nguzo fupi ya zege nyuma ya vibanda vya wauza vitenge. Upande huu Tunduma, upande ule Nakonde.

"Weka mguu mmoja huku, mwingine kule," akasema.

Nikaweka. Wauza vitenge walianza kucheka. Nadhani hawakuwa wanaiona kwa mara ya kwanza.

"Uko nchi gani?"

Nikaanza kujibu. Nilieleza kwamba inategemea kama tunauliza kuhusu uraia, au ukaazi, au mamlaka ya mahakama, na kwamba kwa upande wa kodi nchi nyingine hutazama mahali mtu anapoishi na nyingine hutazama mahali pato linapotoka. Nilikuwa naendelea vizuri tu.

"Leo unalala wapi?" akanikatisha.

"Gesti. Pale jirani na stendi."

"Basi uko Tanzania. Toa mguu Zambia, usije ukadaiwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa semina yangu. Bi Zuhura alikuwa na swali hilo moja, na alimuuliza kila mtu: mwenye lori, mwenye baiskeli, mama mwenye ndoo ya dagaa kichwani. Mzigo unalala wapi? Sukari inayokwenda kuliwa Nakonde, kodi yake ni ya Nakonde. Sisi tunaiaga tu. Betri zinazokuja kuwashwa Mlowo, kodi yake ni yetu. Shaba inayotoka kule mbali kuelekea bandarini haijalala bado, iko safarini, kwa hiyo haitozwi chochote njiani. Ila mwenye nayo anaweka dhamana, ili ikisinzia njiani, pale kijiji cha Mpemba, tujue nani wa kumwamsha. Na mjue kwamba ilisinzia mara nyingi. Ipo sukari iliyovuka kwenda Zambia kwenye karatasi huku sisi tukiinywea chai.

Mimi, kwa tabia yangu, nilikaa na swali hilo wiki nzima nikilitafutia matundu. Nikamfuata. "Bi Zuhura, je, mzigo ukilala huku leo na kule kesho? Je, mwenye mzigo akilala kule na mzigo ukalala huku?"

Hakukasirika. Alivuta ushungi wake akasema, "Msomi, hilo swali si sheria. Ni mlango. Ukishaingia ndani ndipo unasoma sheria. Wenzako wengi wanaisoma wakiwa wamesimama nje."

Alinifundisha pia vyombo. Sindano, ule mchuma mwembamba wa kuchoma magunia, alitaka uingie kwa mshazari, taratibu, na usikilize. Mahindi yanatoa sauti yake, mchele yake, na redio iliyofichwa katikati ya mchele inatoa sauti inayomtoa jasho mwenye gunia. Alinifundisha kugonga bodi la lori kwa vifundo vya vidole, mbele hadi nyuma, kama daktari anavyogonga kifua. Koleo la kubania sili alinipa lake la zamani, mpini umefungwa mpira wa baiskeli. Siku hizi mna mashine inayopiga lori picha likaonekana mpaka mifupa. Sawa. Lakini siku umeme ukikatika, vidole mnavyo.

Sasa nije kwenye kesi niliyotaka kuwasimulia tangu mwanzo. Ilikuwa mvua za kwanza, na mimi bado ni mpya kiasi kwamba nilikuwa naomba ruhusa kwenda chooni.

Mwanamke mmoja alitoka Nakonde na mkokoteni. Juu ya mkokoteni kulikuwa na mashine ya kusaga nafaka, chuma kizito, imefungwa kwa kamba za katani; haikuwa na injini. Alikuwa amevaa nguo nyeusi ya msiba. Jina lake Mama Edina, Mnamwanga, kwao Mpemba, hapa hapa njia ya kwenda Mbeya. Aliolewa upande wa pili, kama wengi wa hapa, maana ukoo ulikuwepo kabla ya mpaka. Mume alikuwa amefariki, matanga yameisha, naye alikuwa anarudi kwa mama yake.

Nikamuuliza swali letu. "Mama, mashine hii inalala wapi?"

"Kwa mama yangu. Mpemba."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Basi ni yetu, nikawaza, na nikaingia ndani ya sheria. Huko ndani nikapotea. Mashine inaingia nchini: ushuru wa forodha, na kodi ya mauzo juu yake. Lakini anayehamia nchini anasamehewa vyombo vyake vya nyumbani. Lakini mashine ya kusaga si sufuria, ni ya biashara. Lakini yeye alisema ilikuwa ya baba yake, ilinunuliwa Mbeya, ikafungwa Mpemba, na baba akampa aende nayo alipoolewa, kwa sababu kule kwa mumewe wanawake walikuwa wakitwanga kwa mikono. Kama ni hivyo, ni bidhaa iliyotoka nchini na sasa inarudi, na bidhaa inayorudi haitozwi ushuru ikithibitika kuwa ni ile ile. Lakini ilitoka bila karatasi. Ilivuka wakati ule wa madukani hakuna kitu, kwa njia ya shambani, na haina namba wala kibandiko. Mwili wake uliundwa na fundi fulani wa Mbeya ambaye naye alikuwa ameshafariki. Nikawaza zaidi: kama ilitoka bila kibali, je, hapo hakuna kosa? Na nikilijua kosa nisiliseme, je, mimi siko ndani ya kosa?

Nikamwambia asubiri. Nikaandika maelezo marefu. Nikayachana nikaandika mengine.

Asubuhi iliyofuata nilipotoka nje alikuwa bado pale, katikati ya mageti mawili, kwenye ile sehemu ambayo malori yanasubiri na ambayo kila mtu husema si ya mtu. Mkokoteni ameufunika turubai la kuazima, na yeye amekaa chini ya mkokoteni. Mvua ilikuwa imenyesha.

"Kwa nini hukurudi kulala Nakonde?" nikamuuliza.

Badala yake alijibu mwanamume aliyekuwa ameegemea geti la upande wa pili, amevaa koti kubwa. "Arudi tu! Nani kamkataza? Arudi na mashine yake."

Huyo alikuwa Lameck, shemeji yake, mdogo wa marehemu.

"Shemeji, usianze," Mama Edina akasema bila kugeuka.

"Sijaanza mimi. Ulisema Tanzania inakutaka. Mbona imekuacha nje kwenye matope?"

Nikawahoji wote wawili, ndipo nikaelewa alichokuwa anakisubiri yule bwana. Kwenye kikao cha ukoo Lameck alidai mashine ni ya marehemu kaka yake, iliyonunuliwa kwenye shamba la mzungu mmoja kule Zambia. Mama Edina akasema ni ya baba yake. Wazee wa ukoo walichoka kusikiliza, wakasema aondoke nayo ikiwa Tanzania itaipokea kama yake. Ikikataa, mashine irudi ibaki na ukoo. Injini haikuwa na mgogoro: marehemu aliinunua mwenyewe, mjane akaiacha. Kwa hiyo wale wazee waliiachia forodha hukumu yao, na ndani ya forodha hukumu ile ilikuwa mezani kwangu, mtu ambaye siku hiyo nilishindwa kuamua kama ninywe chai ya maziwa au ya rangi.

Nikakimbilia kwa Bwana Chilufya, ofisa mwenzetu wa Nakonde. Yeye na Bi Zuhura walikuwa wakikutana kila asubuhi kwenye kibanda cha chai karibu na nguzo, wakipatana juu ya mambo madogo kabla hayajawa makubwa. Nikamwomba walau aruhusu mashine ilale upande wake mpaka nimalize.

"Awe, kijana wangu," akasema, maana yake hapana. "Mimi nimeshaitoa. Kitabu changu kinasema imetoka Zambia. Ikirudi kwangu leo, inarudi kama mgeni, naitoza ushuru wa kuingia. Unataka mjane alipe kwangu kwa kuwa wewe unafikiri?"

Nikarudi na uzito wa jambo lote. Nchi moja ilikuwa imeshaiaga mashine, nyingine haijaikaribisha, na popote ingekwenda ingetozwa. Mama huyu hakuwa na cha kulipia popote. Mashine ndiyo ilikuwa mali yake yote, na ndiyo ingemlisha yeye na Edina, binti yake, aliyekuwa tayari kwa bibi Mpemba akisubiri.

Nikampelekea Bi Zuhura maelezo yangu. Aliyasoma yote, jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo, maana yalikuwa marefu na mwandiko wangu unajulikana. Alipomaliza akanirudishia, akaomba sheria yenyewe.

"Nisomee hapa kwenye bidhaa zinazorudi."

Nikasoma.

"Inasema karatasi ya kutoka ni lazima?"

"Inasema... ofisa aridhike kwamba ni bidhaa ile ile."

"Inasema aridhike kwa kutumia nini?"

Nikatazama tena. Nikageuza ukurasa, kana kwamba jibu lilihamia nyuma. "Haisemi."

"Umewaona watu waliotunga sheria hii?" Akatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona, kama mtu anayesifia ushonaji wa nguo. "Walijua kuna siku karatasi haitakuwepo. Wakaacha nafasi ya mtu. Karatasi ni njia moja tu ya kuridhika, na ndiyo rahisi, kwa hiyo tunadhani ndiyo pekee."

"Na lile kosa la kuivusha bila kibali?"

"Nani aliivusha?"

"Baba yake. Ni marehemu."

"Basi huyo amevuka mpaka ambao hatuna ofisa." Akasimama, akavuta sweta. "Twende tukamuulize mama."

Tulitoka nje wote wawili. Bi Zuhura alichuchumaa kwenye matope, sare na yote, wakawa usawa mmoja na Mama Edina.

"Mwanangu, mashine hii ilipokuwa Mpemba ilikaa juu ya nini?"

"Juu ya zege. Baba alijenga msingi nyuma ya nyumba, akazamisha bolti nne."

"Msingi upo?"

"Upo. Mama alikataa usivunjwe. Watoto wanaukalia."

Bi Zuhura akafungua turubai, akainama kutazama miguu ya mashine. Matundu manne. Akaweka kiganja chake kupimia kutoka tundu hadi tundu, pande zote, halafu akaniita nipime na mimi. Tundu moja lilikuwa limepinda nje, halikai mstari mmoja na wenzake. Fundi yule alitoboa kwa jicho.

"Mtu aliyezamisha bolti," akasema Bi Zuhura, "alizamisha kwa kufuata matundu haya, au hakuzamisha kwa ajili ya mashine hii. Msomi, unaonaje?"

Mimi niliona matatizo. Mashine ikiondoka hapa kwenda Mpemba, si imeshaingia nchini? Itakuwa tumeipokea kabla ya kuamua kama tunaipokea.

"Itakuwa chini ya forodha," akasema. "Nitaifunga sili, na wewe utaikalia."

Nilidhani anatania. Tulipata pikapu ya idara, vijana wa mikokoteni wakaipakia mashine, Bi Zuhura akafunga kamba na sili, halafu akaniambia nipande. Nilikwenda Mpemba nimekaa juu ya mashine ya kusaga, suruali yangu ya kitambaa kizuri imechanika, nikishikilia kamba na sheria ya forodha. Barabara nzima ya kwenda Mbeya watu walinipungia. Kisheria mzigo ulikuwa mikononi mwa ofisa.

Bi Zuhura alimwita na Lameck. "Njoo uone kwa macho yako, usije ukasema tulimpendelea mtu wa kwetu. Isipokaa, utarudi nayo leo hii, na pikapu nakupa." Bwana Chilufya akampa ruhusa ya kuvuka, na, Bi Zuhura aliposema naye, akaahidi mbele yetu kwamba mashine ikirudi siku hiyo hiyo ataihesabu kama haijatoka. Lameck alipanda nyuma pamoja nami, mikono mifukoni, ana uhakika. Njiani akaniuliza, "Ofisa, wewe unaamini?"

Nikamwambia ukweli kwamba sijui.

"Kaka aliniambia mwenyewe aliinunua," akasema. "Kaka hakuwa mwongo." Hapo ndipo nilipoacha kumwona kama mkorofi. Alikuwa anatetea neno la marehemu wake, na mimi nilikuwa nimekalia jibu lake.

Nyuma ya nyumba ya bibi kule Mpemba msingi ulikuwepo, umeota kuvu pembezoni. Kutoka kwenye zege zilikuwa zimesimama bolti nne, na juu ya kila bolti kumechomekwa gunzi la mahindi.

Bi Zuhura akamwamkia yule bibi kwa heshima, kisha akauliza magunzi ni ya nini.

"Watoto wasijichome," akasema bibi. Alikuwa mdogo wa mwili, anasema Kiswahili cha Kinamwanga, polepole. "Na mvua isile chuma. Kila mavuno natoa ya zamani, naweka mapya."

"Miaka yote hiyo?"

"Mwanangu alikwenda na mashine. Nikasema akirudi akute mahali."

Mama Edina akageuza uso.

Tukang'oa magunzi. Chini yake nyuzi za bolti zilikuwa safi, zina grisi. Wanaume wa jirani wakaja, Lameck naye akatoa mikono mifukoni akashika pembe moja, maana chuma kile hakikutaka utani. Tukainua, tukashusha.

Bolti mbili zikaingia. Mbili zikakataa.

Tukainua tena, tukashusha polepole. Mbili ndani, mbili nje. Nilimtazama Mama Edina. Alikuwa amemshika Edina mkono kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Kichwani nikaanza kuandika maelezo mapya.

"Mnaona sasa?" Lameck akasema, lakini kwa sauti ndogo, si ya kule getini. "Nilisema."

Bibi alikuwa ametusogelea. "Kwani mmeiwekaje? Mdomo wa unga ulikuwa unatazama jikoni. Ninyi mmeutazamisha chooni."

Mtu mmoja akacheka. Tukainua, tukazunguka nayo kwa hatua ndogo ndogo kama watu waliobeba jeneza, mdomo ukatazama jikoni. Tukashusha. Mashine ikateremka mpaka chini, ikatoa mlio mmoja mzito. Bolti zote nne zikachungulia juu ya matundu, na moja yao ilikuwa imesimama pale pale lilipopindia tundu.

"Ukizungusha vya kutosha kitu chochote kitaingia," Lameck akajaribu.

"Zungusha," akasema Bi Zuhura. "Usiogope. Jaribu na njia nyingine zote."

Lameck akajaribu, kwa haki kabisa, na wanaume wakamsaidia. Haikukaa kwa njia nyingine yoyote. Tuliporudisha mdomo jikoni, ikateremka yenyewe. Lameck akasimama pale, akalipapasa lile tundu lililopinda kwa kidole gumba.

"Basi kaka aliona aibu," akasema hatimaye. "Kupewa mashine na mkwe. Akasema amenunua."

"Alinipenda," akasema Mama Edina. "Aliitunza kama yake. Acha ibaki hivyo, shemeji."

Bi Zuhura akanigeukia. "Ofisa wa ukaguzi ni wewe. Umeridhika?"

Nikafungua mdomo. "Kwa kiasi kikubwa, isipokuwa tukizingatia uwezekano kwamba fundi yule alitengeneza nyingine yenye..."

"Ofisa Nzowa." Hakuwahi kuniita kwa jina langu kabla ya hapo. "Sheria haikuniachia mimi nafasi hii. Imekuachia wewe. Umeridhika, hujaridhika?"

Nikatazama magunzi manne chini kwenye nyasi, mapya ya mavuno yaliyopita.

"Nimeridhika."

"Andika."

Nikaandika neno hilo moja, nikatia saini. Halafu nikachukua koleo lenye mpini wa mpira wa baiskeli nikakata sili kwenye kamba za mashine. Nimekata sili nyingi baada ya hapo, za mizigo mikubwa ya watu wakubwa, na sijawahi kusikia mlio mzuri kama ule.

Mambo hayakuishia hapo, maana mashine isiyo na injini ni kiti. Mavuno yaliyofuata Lameck alitokea getini kwetu na mkokoteni, juu yake injini ya marehemu. Alikuwa amekubaliana na shemeji yake: alete injini wasage msimu, wagawane, kisha airudishe kwake. Injini ya Zambia, mashine ya Tanzania. Mnajua mlango gani wa sheria huo: kuingiza kwa muda. Nikamwandikia, nikaeleza muda wa kuirudisha, nikamweleza tena, nikamfuata nje nikamweleza mara ya mwisho. Akanijibu, "Ofisa, injini inalala Nakonde, huku inakuja kufanya kibarua tu." Bi Zuhura alicheka mpaka akavua sweta. Lameck hakuchelewesha injini hiyo hata msimu mmoja. Wenye malori makubwa, wenye mawakala na suti, ndio tuliowafuata njia nzima kwa kuchelewa.

Miaka ya tisini ikaja na mambo yake. Mitumba, redio, vipuri, vitenge kutoka kila upande, foleni ya malori ikarefuka kuelekea Mpemba. Tukapata mamlaka mpya ya kodi, sare mpya, na baadaye kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa bidhaa zinazouzwa nje ni sifuri. Ghafla kila mfanyabiashara akawa muuza nje, na swali la mzigo unalala wapi likawa na kazi kuliko wakati wowote. Kisha kompyuta, ambazo niliziogopa, kisha nikazipenda, maana ndizo zilikuwa za kwanza kuniuliza "una uhakika?" kila nilipobonyeza. Nilihisi nimepata ndugu.

Bi Zuhura alistaafu akarudi Tanga, kwenye joto lake. Sweta la bluu alimwachia mama wa chai. Siku anaondoka nilimuuliza kwa nini siku ile Mpemba hakusaini yeye, mwenye uzoefu, akaniachia mimi niliyekuwa natetemeka. Akasema, "Asiyeogopa angesaini palepale getini, kwa kumhurumia mjane au kwa kumchoka. Nilitaka saini ya mtu ambaye kama isingekaa angekataa." Nimelibeba neno hilo miaka yote. Nawaachia na ninyi, hasa wale ambao mnajiona mnaogopa sana. Niliwaona. Msijitibu haraka.

Mwaka huu, nilipomaliza kukabidhi, nilipakia vyombo vyangu kwenye fuso kurudi nyumbani Ruanda: kitanda, makabati, vitabu vya sheria ambazo nyingi zimeshafutwa, na gunia la mahindi. Nikamwomba dereva asimame Mpemba.

Mashine ipo. Sasa inazungushwa na umeme, na mdomo bado unatazama jikoni. Bibi alishafariki. Mama Edina amezeeka, mvi zimejaa unga, huwezi kutofautisha. Alinisagia gunia lile huku tukiulizana habari za watu. Lameck mzima, ana wajukuu, injini yake inapandisha maji kwenye bustani Nakonde. Nilipotaka kulipa Mama Edina alikataa, nikabishana, nikashindwa.

Nilipobeba unga kuelekea kwenye fuso, alitoka mbele yangu akanyoosha mkono mbele ya kifua changu, kama geti.

"Simama hapo. Unga huu unalala wapi?"

"Ruanda," nikasema.

"Na hivi vyombo vyote?"

"Ruanda."

"Na wewe?"

Nilitaka kueleza kwamba inategemea, kwamba nyumba bado haijaezekwa upande mmoja, kwamba miaka yote hii mtu huwezi kusema moja kwa moja kwako ni wapi. Nikamtazama, mkono wake bado umenyooka, amenikazia macho kama ofisa.

"Na mimi," nikasema.

Akakagua uso wangu kwa muda. Halafu akainua mkono juu.

"Nimeridhika," akasema. "Pita."